Kuikomaza saratani badala ya kuiua

Dawa iliyotumika kutibu ngozi ilionyesha mjini Shanghai kwamba seli ya saratani ikisukumwa ikakomaa, hupoteza uwezo wa kuendeleza ugonjwa. Miongo minne baadaye, wanasayansi bado wanabishana: je, kukomaa peke yake kunatosha?

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1985, katika hospitali moja ya watoto mjini Shanghai, China, mtoto wa kike wa miaka 5 alikuwa katika hali mbaya. Damu ilikuwa ikimvuja, homa haishuki, na dawa kali za kuua seli za saratani zilikuwa zimegonga mwamba.

Ugonjwa wake ulikuwa lukemia kali ya promielositi, saratani ya damu ambayo madaktari wa enzi hizo waliiogopa kwa kasi yake. Wengi wa waliokufa waliuawa na kuvuja damu, hasa kwenye ubongo, wakati mwingine ndani ya siku chache tangu ugonjwa ugundulike.

Wang Zhenyi, daktari bingwa wa magonjwa ya damu wa Hospitali ya Ruijin mjini humo, alikuwa na umri wa miaka 60. Mkewe, naye daktari, alifanya kazi katika hospitali alikolazwa mtoto huyo. Wang akashauri apewe dawa ya kumeza inayoitwa asidi ya retinoiki, kemikali ya ukoo wa vitamini A iliyokuwa ikitumika kwa magonjwa ya ngozi.

Dawa hiyo haifanyi kazi kwa kuitia seli sumu. Katika maabara, Wang na wenzake walikuwa wameona ikizisukuma seli changa za lukemia hadi zikakomaa, na zilipokomaa ziliacha kuzaana.

Ndani ya mwezi mmoja hivi mtoto alipata nafuu kamili. Akakua hadi kuwa mtu mzima.

Mwaka 1988 kundi la Shanghai lilichapisha matokeo ya wagonjwa 24. Kati yao, 23 walipata nafuu kamili kwa dawa hiyo peke yake. Aliyebaki naye aliipata baada ya kuongezewa dozi ndogo ya dawa ya kemo.

Habari hiyo ilitikisa imani ya muda mrefu. Kwa miongo mingi tiba ya saratani ilijengwa juu ya kukata, kuchoma kwa mionzi na kuua kwa kemikali. Hapa palikuwa na seli za saratani ambazo hazikukatwa wala kuchomwa. Zilimalizia kukua, zikazeeka, zikafa kifo cha kawaida cha seli za damu.

Seli changa na seli pevu

Ili kuelewa kilichotokea Shanghai, inabidi kwanza kuelewa namna mwili unavyotengeneza seli zake.

Kila siku uboho wa mifupa huzalisha mamia ya mabilioni ya seli za damu. Chanzo chake ni kundi dogo la seli shina. Seli shina ina uwezo wa aina mbili: kujizalisha yenyewe bila kikomo cha karibu, na kuzaa seli nyingine ambazo hatua kwa hatua huchukua kazi maalumu.

Kadiri seli inavyosonga mbele katika safari hiyo, ndivyo inavyopata ujuzi na kupoteza uzazi. Seli nyeupe iliyokomaa inajua kuwasaka bakteria na kuwameza, lakini haigawanyiki tena. Ikishatumika kwa muda mfupi, hufa.

Fikiria gereji yenye mafundi na wanagenzi. Mwanagenzi akihitimu huingia kazini, naye ipo siku hustaafu. Sasa fikiria wanagenzi wasiohitimu kamwe, wasiotengeneza gari lolote, na kila mmoja anazidi kuingiza wenzake gerejini. Muda si mrefu mafundi wa kweli watakosa hata pa kusimama.

Hivyo ndivyo uboho wa mgonjwa wa lukemia hii unavyokuwa. Seli hukwama katika hatua iitwayo promielositi, zikajaa, na nafasi ya kutengeneza seli nyekundu na chembe sahani za kugandisha damu ikatoweka. Zaidi ya hapo, seli hizo zilizokwama huvuruga mfumo mzima wa kuganda kwa damu. Ndiyo sababu ya mgonjwa kuvuja damu namna ile.

> Kadiri seli inavyokomaa, ndivyo inavyopata ujuzi na kupoteza uzazi.

Kinachozikwamisha kinajulikana. Mwaka 1977, Janet Rowley na wenzake mjini Chicago walionyesha kwamba katika seli hizi vipande vya kromosomu ya 15 na ya 17 vimebadilishana mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ufaransa, Marekani na Uingereza wakatambua kilicho kwenye kiungo hicho: jeni mbili, PML na RARA, zimeunganishwa zikawa moja.

RARA kwa kawaida ni kipokezi cha asidi ya retinoiki. Kazi yake ni kuwasha jeni za ukomavu pale kemikali hiyo inapofika. Ikishaunganishwa na PML, inafanya kinyume: inazifunga jeni hizo. Dozi kubwa ya asidi ya retinoiki hulifungua kufuli hilo.

Kwa bahati ya kisayansi, dawa ilitangulia na maelezo yakafuata. Wang alianza kutibu kabla mtu yeyote hajajua kwamba ugonjwa wenyewe umesababishwa na kipokezi cha dawa anayoitoa.

Hoja iliyoanza kwa panya

Wazo la kuikomaza saratani lilikuwa na historia ndefu kabla ya Shanghai, na kwa miaka mingi halikupata wasikilizaji wengi.

Miongoni mwa watetezi wake wa mwanzo alikuwa Barry Pierce, mtaalamu wa patholojia wa Marekani. Alichunguza teratokarsinoma, uvimbe wa ajabu wa korodani za panya ambao ndani yake hukutwa mfupa, misuli, neva na hata nywele, vyote vimechanganyika na seli changa za saratani.

Mwaka 1964, yeye na Lewis Kleinsmith walichukua seli moja moja changa kutoka kwenye uvimbe huo na kuzipandikiza ndani ya panya wengine. Seli moja ilitosha kuzaa uvimbe mzima, wenye tishu za kila aina zilizokomaa. Maana yake ilikuwa nzito: seli ya saratani inaweza kuzaa watoto wasio na saratani.

Mwaka 1971 Pierce akaenda hatua nyingine. Katika saratani ya ngozi ya panya, alitenganisha sehemu zilizokwisha kukomaa na kuzipandikiza peke yake. Hazikuzaa uvimbe. Sehemu zenye seli changa zilizaa.

Huko Israel, Leo Sachs wa Taasisi ya Weizmann alikuwa akionyesha kwamba seli za lukemia za panya zinaweza kukomazwa kwa protini za kawaida za mwili. Kazi zake zilimfikia Wang, na ndizo zilizompa msukumo wa kutafuta dawa itakayofanya hivyo kwa binadamu. Mwaka 1980 Theodore Breitman na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba asidi ya retinoiki hukomaza seli za lukemia ya binadamu zilizooteshwa maabara.

Lakini jaribio lililowashangaza watu zaidi lilifanyika Philadelphia. Mwaka 1975, Beatrice Mintz na Karl Illmensee waliingiza seli za teratokarsinoma ndani ya viinitete vya panya vya siku chache. Wakazaliwa panya wenye afya, huku baadhi ya tishu zao zikiwa zimetokana na zile seli za saratani.

Watafiti wa Uingereza walifanya jaribio la aina hiyo mwaka huohuo. Nao walipata panya mchanganyiko, ila baadhi yao waliota uvimbe. Tofauti hiyo ndogo ilibeba mbegu ya ubishi unaoendelea hadi leo: mazingira mazuri yanaweza kuituliza seli ya saratani, lakini je, inatulia moja kwa moja?

Nani hasa anazaa uvimbe?

Kipimo kikuu cha nguvu ya seli ya saratani ni kuipandikiza ndani ya panya asiye na kinga ya mwili na kusubiri. Uvimbe ukiota, seli hiyo ina uwezo wa kuuzaa. Usipoota, haina.

Mwaka 1994 John Dick na wenzake mjini Toronto, Canada, walipandikiza seli za wagonjwa wa lukemia kali ndani ya panya wa aina hiyo. Waligundua kwamba katika seli takriban 250,000 ni moja tu iliyoweza kuanzisha ugonjwa. Nayo haikuwa seli yoyote tu: ilibeba alama za uchanga, sawa na seli shina za kawaida za damu.

Miaka kumi baadaye, katika mji huohuo, kundi la Peter Dirks liligeukia uvimbe wa ubongo. Seli 100 tu zenye alama ya uchanga iitwayo CD133 ziliweza kuotesha uvimbe mpya ndani ya panya. Seli 100,000 zisizo na alama hiyo hazikuotesha kitu.

Picha iliyojitokeza ilikuwa na mantiki. Uvimbe una tabaka: juu seli shina chache zenye uzazi, chini umati wa seli zilizokomaa nusu zisizo na madhara ya muda mrefu. Ukilikomaza lile tabaka la juu, uvimbe wote utakauka.

> Seli 100 changa ziliotesha uvimbe. Seli 100,000 zisizo na alama ya uchanga hazikuotesha.

Kisha mwaka 2008 Sean Morrison na wenzake, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Michigan, wakaleta hoja ya kupinga. Walichukua melanoma, saratani ya ngozi, na kubadilisha kipimo chenyewe: panya dhaifu zaidi kwa kinga, muda mrefu zaidi wa kusubiri, mbinu bora za kupandikiza. Safari hii takriban seli 1 kati ya 4 iliweza kuzaa uvimbe.

Kwa hiyo sehemu ya kile kilichoonekana kuwa uchache wa seli zenye uzazi ilitokana na ugumu wa kuishi ndani ya panya. Tabaka zipo katika baadhi ya saratani, na katika nyingine hazionekani. Mtu anayesema kila saratani ina kundi dogo la seli shina la kulengwa, anasema zaidi ya ushahidi.

Upande wa pili: kukomaa hakutoshi

Pigo la kwanza kwa wazo la ukomavu lilitoka palepale lilikopata ushindi. Wagonjwa wengi waliotibiwa kwa asidi ya retinoiki peke yake waliugua tena baada ya miezi kadhaa. Seli nyingi zilikuwa zimekomaa na kufa, lakini chache zilibaki changa na kuanza upya.

Kwa nini? Hugues de Thé na wenzake mjini Paris wametoa jibu ambalo wengi wanalikubali. Katika kazi walizochapisha kuanzia mwaka 2008, walionyesha kwa panya kwamba kukomaa kwa seli na kutoweka kwa ugonjwa ni mambo mawili yanayoweza kutenganishwa. Kuna dozi na kemikali zinazozikomaza seli za lukemia vizuri kabisa, na bado ugonjwa haufutiki.

Kinachoufuta, wanasema, ni kuvunjwavunjwa kwa ile protini inayotokana na jeni zilizounganishwa. Protini ikiondoka, seli hupoteza uwezo wa kujizalisha, na ukomavu huja kama mojawapo ya matokeo.

Pigo la pili limetokana na ubadilikaji wa seli zenyewe. Mwaka 2011, maabara ya Robert Weinberg nchini Marekani ilionyesha kwamba baadhi ya seli za titi zilizokwisha kupita hatua ya ushina zinaweza kurudi nyuma na kuwa shina tena, bila kuguswa na mtu. Ukomavu, kumbe, si mlango unaofungwa daima.

Glioblastoma, saratani ya ubongo isiyo na huruma, imetoa mfano halisi. Mwaka 2006 kundi la Angelo Vescovi nchini Italia lilitumia protini iitwayo BMP4 kuzikomaza seli shina za uvimbe huo, na panya waliopandikizwa seli hizo wakanusurika na uvimbe mkali. Matumaini yalipanda. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ukomavu unaoletwa na protini za aina hiyo huwa wa nusunusu. Jeni muhimu zilibaki katika hali ya uchanga, na seli ziliweza kurudia kugawanyika pale msukumo ulipoondolewa.

Kwa hiyo pande mbili zinasimama hivi. Wa kwanza wanasema: ipeleke seli mpaka mwisho wa safari, nayo haitazaa uvimbe. Wa pili wanajibu: ondoa kwanza kinachoifanya ijizalishe, la sivyo itarudi.

Ushahidi wa miaka hii 40 unawapa wote sehemu ya haki. Seli iliyokomaa kabisa haizai uvimbe. Tatizo ni kuifikisha huko na kuizuia isirudi, na hilo limefanikiwa pale tu kufuli lenyewe lilipovunjwa.

Sumu iliyokamilisha kazi

Kilichovunja kufuli la lukemia ya promielositi kabisa ni aseniki, sumu inayojulikana tangu kale.

Katika miaka ya 1970, Zhang Tingdong na wenzake wa mji wa Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, walichuja dawa ya kienyeji yenye aseniki na kuijaribu kwa wagonjwa wa lukemia. Iliwasaidia zaidi wale wa promielositi. Katika miaka ya 1990 kundi la Shanghai, akiwemo Chen Zhu aliyekuwa mwanafunzi wa Wang, likaeleza kwa nini: aseniki inaishika protini ile upande wa PML na kuifanya ivunjwe.

Asidi ya retinoiki huishika upande wa RARA. Dawa mbili, protini moja, kila moja ikishambulia upande wake.

Mwaka 2013 Francesco Lo-Coco wa Roma na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Italia na Ujerumani kwa wagonjwa ambao hatari yao haikuwa ya juu. Miaka miwili baada ya kuanza tiba, asilimia 97 ya waliopewa dawa hizo mbili bila kemo walikuwa hai bila ugonjwa kurejea. Kwa waliopewa asidi ya retinoiki pamoja na kemo, ilikuwa asilimia 86.

Saratani iliyokuwa ikiua kwa siku chache sasa ni miongoni mwa zinazotibika zaidi, na kwa wagonjwa wengi inatibika bila kemo.

Zaidi ya ugonjwa mmoja

Je, ushindi huu umevuka mipaka ya lukemia moja? Umevuka kidogo, na kwa shida.

Kwa watoto wenye neuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, madaktari waliona zamani kwamba uvimbe unaweza kukomaa wenyewe. Mwaka 1927 Harvey Cushing na Simeon Wolbach wa Marekani waliandika kuhusu uvimbe wa aina hiyo uliogeuka na kuwa usio na madhara. Mwaka 1999 jaribio kubwa la Marekani lilionyesha kwamba watoto waliopewa ndugu wa asidi ya retinoiki baada ya tiba kali walikuwa na uwezekano wa asilimia 46 wa kukaa miaka mitatu bila ugonjwa kurejea, dhidi ya asilimia 29 kwa wasiopewa. Ufuatiliaji wa baadaye ulipunguza uzito wa tofauti hiyo, ingawa dawa iliendelea kutumika.

Katika lukemia nyingine kali, njia imekuwa ya kutafuta kufuli kwanza. Baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika vimeng'enya viitwavyo IDH, ambavyo huanza kutoa kemikali inayozuia ukomavu. Dawa za kuvizima, enasidenib na ivosidenib, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2017 na 2018. Mwaka 2024 ikafuata revumenib, inayolenga kizuizi kingine.

Dawa hizi zinasaidia, lakini hakuna hata moja iliyofikia mafanikio ya Shanghai. Lukemia nyingi hubeba kasoro kadhaa kwa pamoja, na ukifungua kufuli moja, lingine bado limefungwa.

Kwa mgonjwa wa kawaida, suala la ukomavu lipo pia kwenye karatasi ya majibu. Kipande cha uvimbe kinapopelekwa maabara, mtaalamu wa patholojia hupima jinsi seli zinavyofanana bado na tishu zilikotoka. Zikifanana sana, kwa kawaida saratani hiyo hukua polepole. Zikiwa zimepoteza sura yote, huwa kali. Katika tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, saratani zenye seli zilizokomaa vizuri hutibika mara nyingi, na ile isiyo na ukomavu wowote ni kati ya saratani zinazoua haraka kuliko zote.

Muulize daktari wako maana ya daraja la ukomavu lililoandikwa kwenye majibu hayo. Ni haki yako kulielewa.

Hatari na upotoshaji

Kuzikomaza seli nyingi kwa mkupuo kuna hatari yake. Seli zilizokomaa ghafla zinaweza kuvamia mapafu, na mgonjwa akapata homa, kuongezeka uzito kwa maji mwilini na kushindwa kupumua. Madaktari wa New York waliieleza hali hii mwaka 1992. Inatibika kwa dawa ya deksamethasoni ikitolewa mapema, na inaua ikipuuzwa.

Kwa sababu hiyo tiba hii ni ya hospitali. Vidonge vya vitamini A vya dukani si asidi ya retinoiki, havitibu saratani, na vikizidi huumiza ini na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Asidi ya retinoiki yenyewe husababisha ulemavu kwa mimba changa. Aseniki nje ya uangalizi wa daktari ni sumu tu. Anayekuuzia chochote kati ya hivi kwa jina la kukomaza saratani anakudanganya.

> Vidonge vya vitamini A vya dukani havitibu saratani, na vikizidi huumiza ini.

Somo la Amerika ya Kilatini kwetu

Tiba yenye mafanikio ya asilimia 97 haina maana kwa mgonjwa anayekufa kabla haijamfanyia kazi. Hilo ndilo lililoonekana Brazil, ambako takriban asilimia 32 ya wagonjwa wa lukemia hii walikuwa wakifa katika kipindi cha mwanzo cha tiba, wakati nchi tajiri zilikuwa na takwimu nzuri zaidi kwa dawa zilezile.

Wataalamu wa Brazil, Mexico, Chile na Uruguay waliungana na wenzao wa kimataifa. Walikubaliana namna moja ya kutibu, wakaharakisha vipimo, wakashauriana mara kwa mara kuhusu wagonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya mwanzo vimeshuka hadi asilimia 15. Dawa hazikuwa mpya. Kilichobadilika ni mpangilio.

Nguzo ya mpangilio huo ni kanuni inayofuatwa na wataalamu duniani kote: asidi ya retinoiki ianze kutolewa pale daktari anaposhuku ugonjwa huu, bila kusubiri majibu ya kipimo cha jeni. Kushuku kunawezekana kwa hadubini ya kawaida, kwa sababu promielositi hizi zina sura ambayo mtaalamu aliyefunzwa huitambua kwenye kioo. Kipimo cha jeni kifuate kuthibitisha.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapaswa kujipima. Shirika la Afya Duniani liliiweka asidi ya retinoiki kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na aseniki mwaka 2019. Ugonjwa ni nadra, ukiwa kati ya asilimia 5 na 10 ya lukemia kali za aina ya mieloidi, na kwa sababu ya unadra huo ni rahisi kwa wapangaji wa bajeti kuusahau. Lakini mgonjwa wake mara nyingi ni kijana au mtu wa umri wa kati, mwenye miaka mingi ya kuishi na kuilea familia, na dozi za siku za kwanza ni vidonge vya kumeza visivyohitaji chumba maalumu.

Wizara za afya na bohari za dawa za ukanda wetu zihakikishe kwamba kila hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa wa damu ina akiba ya dozi hizo, na kwamba maabara zake zina mtu anayeitambua promielositi kwenye hadubini. Ni akiba ndogo kwa ugonjwa unaotibika.

Nawe msomaji, ukimwona mtu anatoka damu kwenye fizi au puani bila sababu, ana mabaka ya damu mwilini bila kugongwa, na amechoka kupita kiasi, usimsubirishe hadi wiki ijayo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na uombe apimwe picha kamili ya damu.